Dari ya Mzee Kihamba

Sikilizeni ya Somoe, wajukuu zangu. Mwenye nyumba wake, Mzee Kihamba, alikataza wapangaji kutoboa dari yake ya zege. Mtoto wa Somoe akawa analiwa na mbu, chandarua hakina pa kuning'inia.

"Anayetoboa anahama!"

"Sitoboi, baba. Ila majirani wanasema fundi alikuibia saruji, dari yako mchanga mtupu."

"Mchanga?" Mzee akaleta drili yake, akapanda kitandani na viatu, akatoboa jasho likimtiririka. "Umeona?"

"Kona hii ngumu, baba. Zile tatu je?"

Akazitoboa zote, akashuka akihema. "Haya, sema tena!"

"Zege kweli." Somoe akatoa kulabu nne. "Sasa nishikie chandarua, baba. Au ndiyo unahama?"