Mchi Ukinyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, mshikane mikono. Leo kuna zimwi.

Hapo kale palikuwa na wasichana wawili, Chausiku na Mize, marafiki wasioachana. Kijijini kwao akahamia msichana mwingine, Mashavu, pamoja na mama yake. Mashavu hakuwa na mtu wa kucheza naye. Kila akiwaendea wale wawili, walimwambia, "Sisi hatukujui."

Siku moja wasichana hao walikwenda msituni kuokota kuni. Chausiku na Mize walitangulia, Mashavu nyuma peke yake. Mvua kubwa ikawakuta ng'ambo ya mto. Wakaona kibanda, wakakimbilia ndani, wote watatu. Mara mlango ukajifunga wenyewe.

Ndani kulikuwa na zimwi, limekaa kando ya kinu, kichwa kinagusa makuti.

"Nataka kulala," likasema. "Twangeni. Nikisikia mchi, nalala. Mchi ukinyamaza, naamka. Nikiamka, nakula."

Basi Chausiku akashika mchi. Tu, tu, tu. Zimwi likakoroma.

Akatwanga mpaka akachoka. Mize akampokea. Tu, tu, tu. Naye akachoka, machozi yakidondokea kinuni. Mchi ukachelewa kidogo tu, zimwi likafumbua jicho moja.

Mashavu akaudaka mchi. Tu, tu, tu. Lile jicho likajifumba.

"Chimbeni ukuta," akanong'ona. "Ni udongo, na umelowa. Mimi natwanga."

"Na wewe utatokaje?" Mize akauliza.

"Sijui. Chimbeni."

Wakachimba kwa kucha. Kila bonge la udongo lilipoanguka, waligeuka kulitazama zimwi. Mwishowe tundu likapatikana. Chausiku akatoka. Mize akatoka.

Mashavu akabaki anatwanga, mabega yanawaka moto. Akawaza, "Hawa hawanijui. Wataniacha."

Ghafla akasikia huko nje: tu, tu, tu. Wenzake walikuwa wanagonga gogo kwa kuni, mwendo uleule wa mchi. Mashavu akaulaza mchi chini polepole, akajipenyeza tunduni.

"Haya, tukimbie," akasema Chausiku.

Wakakimbia. Nyuma yao wakasikia sauti nzito: "Mchi umenyamaza, nimeamka. Nimeamka, nakula."

Wakavuka mto juu ya mti uliolazwa kama daraja. Zimwi nalo likaukanyaga ule mti, linakuja.

Chausiku akausukuma mti. Haukusogea. Mize akaongeza nguvu zake. Ukatikisika tu. Zimwi limefika katikati, linanyoosha mkono.

"Mashavu, njoo hapa katikati yetu," Mize akasema. "Tusukume pamoja."

Wakasukuma wote watatu. Mti ukabingirika, zimwi likatumbukia, na mto uliofurika ukalichukua moja kwa moja.

Walirudi kijijini wameshikana mikono. Mama yake Chausiku alikuwa mlangoni.

"Mbona mna matope hivyo? Na huyu ni nani?"

"Ni mwenzetu, mama," Chausiku akajibu. "Anaitwa Mashavu."

Basi mama akawaandalia maji ya kuoga, na wote watatu wakala sinia moja.

Hadithi yangu imefika ukingoni, imeishia hapo. Nanyi watoto, akija mgeni kwenu msimkatae. Mpokeeni, mfanye naye kazi na mcheze naye, maana mkiwa pamoja mtayaweza mengi.