Hendeli ya Mashine ya Kajiru

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yetu, Nakiete, Jumapili ya pili ya Februari 1994, siku tuliyomaliza matanga ya babu. Tulikuwa wajukuu kumi na mmoja, tumekaa juu ya magunia matupu ndani ya chumba cha mashine ambayo haikuwa imenguruma kwa miaka minane. Baadaye nimeisikia kwa wengine watatu, na kila mmoja huirekebisha pale panapomhusu. Mimi nimeshika ya bibi. Mzazi wangu ni mmoja wa watu watatu utakaowasikia. Sitasema ni nani, nisije nikakuvutia upande.

Babu yetu, Kajiru, alikuwa na mashine ya kusaga mahindi katika kijiji cha Kiranga, juu kwenye milima ya Upare. Injini yake ilikuwa ya dizeli, ya silinda moja, yenye gurudumu zito ubavuni, na iliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma. Babu hakuiacha hendeli hiyo mashineni hata siku moja. Aliibeba kwapani mpaka kanisani. Mwenye hendeli ndiye aliyekuwa mwenye mashine, na kila mtu kijijini alilijua hilo.

Nyumbani kwake walikuwamo watu watatu wenye vipaji. Namkunda, binti yake, alikuwa na sikio. Mbuzi akikohoa ng'ambo ya korongo, alikwambia ni wa nani. Alikuwa ameachika na kurudi kwa baba yake.

Eliapenda, mwana wa kiume aliyebaki, alikuwa na vidole. Alitengeneza saa za watu, na ungeficha unywele chini ya kitambaa yeye angeupapasa akauona.

Yunesi alikuwa mkwe, mjane wa Mbonea, kifungua mimba wa babu. Alitoka katika ukoo wa wafinyanzi, na alijua tabia za udongo na za moto. Mume alikuwa amekufa, kwa hiyo alikaa pale kwa hisani tu, na alijua hivyo.

Mwaka 1986 injini ilikuwa imechoka. Ilitoa moshi mzito, na asubuhi za ukungu moshi ule haukupanda juu. Uliteremka bondeni ukaingia moja kwa moja kwenye zahanati. Bwana afya akaja akamwambia babu: "Mzee, wagonjwa wangu wanakohoa kuliko walivyokuja. Nakupa mpaka Pasaka. Ukishindwa, nafunga." Mashine ikifungwa, wanawake wa Kiranga wangelazimika kushuka tambarare na mahindi kichwani, mwendo wa saa tatu kwenda, na wa saa nne kurudi kwa sababu ya mlima.

Wiki hiyo kulikuwa na msaragambo, watu wote wakichimba mfereji pamoja. Babu akasimama ukingoni, akainua hendeli. "Atakayeuondoa moshi huu, hii ni yake. Nimesema mbele yenu." Aliamini kwamba neno lililosemwa mbele ya msaragambo halimezwi. Bibi alituambia kwamba kosa la kwanza lilikuwa hapo. Aliahidi kumpa mtu mmoja, kana kwamba moshi una mlango mmoja.

Namkunda alianza. Alikaa siku mbili kwenye kigoda kando ya injini, ameinamisha kichwa.

"Wifi, unaiimbia ilale?" Yunesi akamtania.

"Naisikiliza. Inachelewa. Dizeli inaingia wakati pistoni imeshaanza kushuka, kama mtu anayeitikia sala baada ya wenzake kuketi."

Akafungua pampu ya dizeli. Chini yake mlikuwa na vipande vya bati jembamba vya kuinyanyua. Akaondoa kimoja, akasikiliza, akaondoa cha pili. Injini ikaitikia kwa wakati wake, na ule moshi mweupe uliokuwa ukichoma macho ukakoma. Lakini mweusi ulibaki.

Eliapenda akafuata. Alifungua nozeli, ule mdomo mdogo unaopulizia dizeli ndani ya silinda. "Dada, masikio yako hayakuona hili," akasema. "Nozeli haipulizi. Inatiririka kama pua ya mtoto." Alisugua sindano ya nozeli juu ya kipande cha kioo kwa siku tatu, kwa mafuta na unga laini wa kusagia vyuma, akiipapasa kila mara. Kisha aliijaribu kwa pampu ya mkono mbele ya gazeti, akiwafukuza watoto, kwa maana dizeli ile inatoboa ngozi. Ilitoka kama ukungu, ikaacha duara safi kwenye karatasi. Aliporudisha nozeli, moshi mweusi ukawa kijivu chepesi. Hata hivyo masizi yaliendelea kushuka zahanatini, na shuka za wagonjwa zilianikwa nyeupe zikaanuliwa zina madoa.

Ndipo Yunesi akaja na udongo.

"Wifi, injini haipikwi kama chungu," Namkunda akamrudishia utani wake.

"Wewe nyamaza, ikiiva utakula."

Alichanganya udongo na pumba za mahindi, akafinyanga matofali yenye matundu membamba kama sega la nyuki. Tanurini pumba ziliungua, zikaacha vinyweleo ambavyo moshi ungeweza kupita na masizi yasiweze. Akayapanga ndani ya pipa mwishoni mwa ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Ya kwanza yalipasuka kwa joto. Ya pili yaliibana injini ikashindwa kupumua, ikazima. Ya tatu yalishika. Kila Jumamosi aliyatoa, akayachoma upya tanurini masizi yakaisha, akayarudisha.

Wote watatu walijua jambo moja, ingawa hakuna aliyelitamka. Kama taiming, yaani wakati wa dizeli kuingia, isingerekebishwa, nozeli iliyosuguliwa ingeziba tena ndani ya mwezi. Nozeli ikitiririka, matofali yangejaa masizi kabla ya saa sita mchana. Na bila matofali, zahanati isingepona.

Siku tatu kabla ya Pasaka bwana afya alirudi. Akatoa leso yake nyeupe, akaishikilia mdomoni mwa ekzosi mpaka akahesabu mia. Akaitazama, akaikunja, akairudisha mfukoni. "Sagisheni," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele.

Babu akawaita watatu, hendeli mapajani. Bibi alikuwepo, na maneno haya alituapia.

"Baba, mimi ndiye niliyejua ugonjwa," Namkunda akasema. "Hawa wametibu nilichokionyesha."

"Alionyesha chake tu," akasema Eliapenda. "Moshi uliolalamikiwa na serikali ni mweusi, na mweusi niliuvunja mimi."

Yunesi akamgeukia babu. "Baba mkwe, leso ya bwana afya haikusikiliza injini wala haikupapasa nozeli. Ilipita kwenye matofali yangu."

"Shemeji, toa hayo matofali basi, uone kama yana kazi yakiwa peke yake!"

"Toa wewe nozeli yako."

Babu akasema atawajibu baada ya sikukuu.

Bibi alikataa kutaja aliyeanza. Alisema tu kwamba wiki ile ya Pasaka, mashine ikiwa imezimwa, kila mmoja aliingia kwa wakati wake, bila kumwambia mwenzake, akaondoa alichokiweka. Namkunda alirudisha vile vipande viwili vya bati chini ya pampu. Eliapenda alichomoa nozeli aliyoisugua, akatia nyingine mbovu. Yunesi aliyachukua matofali kwenda kuyachoma, hakuyarudisha. Kila mmoja alitaka baba aone, kwa asubuhi moja tu, jinsi mashine ilivyo bila yeye.

"Mmoja wao nilimwona akitoka," bibi akatuambia. "Nilijua alichofanya. Nikasema moyoni, ni mwanangu, atarudisha. Nikaendelea kuchambua maharage."

Jumanne babu aliiwasha. Wanawake walikuwa wamepanga madebe yao mlangoni. Moshi uliotoka ulikuwa mbaya kuliko wa mwanzo, na kulikuwa na ukungu. Nesi alipanda mlima amejifunga kanga puani. "Mzee Kajiru, nina kitoto cha siku mbili mle ndani! Nimekitoa nje kwenye baridi, kwa sababu ya mashine yako!" Jioni bwana afya alitia kufuli. Lakini alikuwa mtu mwungwana, akasema: "Rudisheni mlichokuwa mmefanya, nami nitafungua siku hiyo hiyo."

Haikurudishwa. Kila mmoja aliona kwamba atakayerudisha kwanza atakuwa amekiri kwamba chake ni nyongeza tu. Babu naye hakutaka kumlazimisha yeyote kabla hajaamua hendeli ni ya nani, na hakuweza kuamua. Alisema akimpa Namkunda, atakuwa amempa mganga aliyetaja ugonjwa na kumnyima aliyetibu. Akimpa Eliapenda, watu watasema amempa kwa sababu ni mwanamume. Akimpa Yunesi, mashine itaondoka ukooni akiolewa tena. Akimnyima, atakuwa amemfukuza mjane kwa kazi aliyoifanya. Wanawake walishuka tambarare kwa miaka saba, mpaka mtu mwingine alipoleta mashine ya umeme.

Alipomaliza kutusimulia, bibi alitoa hendeli chini ya kanga yake, akaiweka sakafuni katikati yetu. "Babu yenu ameniachia niamue," akasema. "Mimi niliyeona nikanyamaza, nitaamuaje? Semeni ninyi." Tukabishana mpaka wakubwa wakatuita kula. Hatukukubaliana, na binamu wawili hawakukaa sahani moja.

Nami nakuuliza wewe uliyesikiliza, usiye na ndugu ndani yake. Yuko aliyesikia, yuko aliyepapasa, yuko aliyechoma udongo. Na wote watatu walivunja walichokijenga. Hendeli ungemkabidhi nani? Au wewe ungesema kwamba siku ile ya kufuli wote waliipoteza?

Babu alifariki Januari 1994. Bibi alifariki 2003, hajaamua. Yunesi alifariki 2011, kwao, kwa wafinyanzi. Namkunda na Eliapenda wako hai. Nyumba zao zinatazamana, na wakikutana njiani husalimiana vizuri.