Nani Afungue Mkanda wa Tusekile?

Sogeeni karibu, na anayeogopa urefu amshike mwenzake mkono, maana leo tunapanda nguzo.

Huko nyanda za juu, kwenye ukungu usioondoka mpaka jua likaze, palikuwa na chuo cha ufundi kilichofundisha kazi ya laini za umeme. Chuoni hapo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Lugano, afisa udahili, alijaliwa ulimi: angeweza kumshawishi mbuzi ajiunge na kozi ya uchinjaji. Mama Ngailo, matroni wa bweni la wasichana, alijaliwa sikio: alisikia hata kilio kilichomezwa. Mwalimu Kiswaga alijaliwa mkono: alichokuonyesha kwa mkono wake hukukisahau tena.

Vipaji vyote hivyo, na bado chuo kilikuwa kinakufa. Wanafunzi waliingia wengi, wakabaki wachache, na waliohitimu ungeweza kuwapakia kwenye bodaboda moja. Sababu ilisimama katikati ya uwanja, ndefu, laini, imepakwa dawa nyeusi. Hakuhitimu mtu mpaka aipande nguzo hiyo na mkanda kiunoni, afunge kikombe cha kushikia waya kileleni, kisha ashuke mwenyewe. Wanafunzi waliitazama, wakakumbuka ghafla kwamba nyumbani kuna shughuli.

Bodi ikachoka. "Mwaka huu asipohitimu hata mmoja, kozi inafungwa," ikasema. "Akihitimu, kozi itaendelea, lakini kati yenu watatu atabaki mmoja tu." Tangu siku hiyo wale watatu walikula ugali wao kwa woga. Kila mmoja alikuwa na watu nyumbani waliomtegemea, na kila mmoja aliwapenda wenzake. Mambo hayo mawili hayakai vizuri katika tumbo moja.

Lugano akafunga safari kwenda kwa kina Tusekile, binti mwenye akili nyepesi na woga mzito. Mama yake akasema waziwazi, "Baba, huyu ukimsimamisha juu ya kiti anaona kizunguzungu." Lugano akatabasamu. "Mama, umeme ni swichi na taa tu. Atafanya kazi ndani ya nyumba, kivulini." Nguzo hakuitaja. Angeitaja, Tusekile asingekuja. Hilo liwekeni kichwani, mtalihitaji.

Mama Ngailo zamu yake ilifika muhula wa pili, pale kijana mmoja alipoteleza pamoja na mkanda wake akavunjika mguu mbele ya wenzake wote. Wiki hiyo kozi nzima ilimwagika. Jioni moja, akipita mlangoni kwa Tusekile, mama huyo akasikia zipu ya begi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, mama. Mimi pale nitakufa."

"Hofu yako inaanzia wapi kwenye ile nguzo?"

Tusekile akafikiri. "Usawa wa dirisha."

"Basi kesho twende mpaka dirishani, tuisalimie, turudi tunywe uji."

Wakaenda. Wakaenda tena kila asubuhi, mama ameketi kwenye nyasi zenye umande, binti akipanda mpaka pale hofu inapoanzia, hapohapo, kisha akishuka. Taratibu hofu ikahamia usawa wa paa, halafu juu ya mparachichi. Kamwe Mama Ngailo hakumwambia asiogope.

Siku ya mtihani ikamkuta Tusekile peke yake. Wengine wote walishaondoka. Akapanda mpaka kileleni. Hapo upepo ukaja, nguzo ikayumba. Nguzo ndefu huyumba, kila fundi anajua, ila mwili haujui. Binti akaikumbatia kwa mikono yote miwili, na mikono ikakataa kuachia.

"Siwezi! Mwalimu, nishusheni!"

Mtahini akasema, "Akiguswa na mtu, amefeli."

Sasa sikilizeni. Mwalimu Kiswaga naye aliwahi kuanguka, zamani, na tangu hapo alifundisha akiwa amesimama chini. Watu walijua, wakanyamaza kwa heshima. Lakini siku hiyo alifunga mkanda, akapanda. Akasimama chini ya miguu ya binti bila kumgusa.

"Tusekile, mimi pia naogopa. Unasikia meno yangu?"

"Nayasikia, mwalimu."

"Basi fanya haraka tushuke."

Binti akacheka huku analia. Mkono mmoja ukaachia. Kikombe kikafungwa, na binti akashuka mwenyewe.

Mnadhani hadithi imekwisha? Woga wenyewe ndio kwanza unaanza.

Chuo kile kina desturi yake: mhitimu havui mkanda mwenyewe. Akishakanyaga ardhi anamwita mtu mmoja, yule aliyemfikisha, ndiye aufungue. Mkuu wa chuo, mwoga kuliko wote niliowataja, ambaye bodi ilimwachia achague nani abaki kazini, aliposhindwa kuamua akaona hapo pa kujificha. Akatangaza, "Atakayeitwa kufungua mkanda ndiye atakayebaki."



"Bila mimi usingeingia getini," Lugano akamwambia Tusekile.

"Walioingia ni wengi," akajibu Mama Ngailo. "Leo unawaona wapi?"

"Na aliyeingia akabaki, akashuka bila kufunga kikombe," akasema Mwalimu Kiswaga, "amehitimu nini?"

Kisha wote watatu wakaona aibu, wakainamisha macho.

Tusekile alisimama na mkanda kiunoni. "Kule juu niliogopa kuanguka," akasema. "Hapa chini naogopa kumwangusha mtu." Akawatazama mmoja mmoja. Akafungua kinywa aite jina.

Mimi naishia hapo, maana kila ninapoisimulia watu hugombana. Wengine husema mwongo hastahili, lakini bila uongo ule kusingekuwa na mtu wa kubembelezwa wala wa kupandiwa. Wengine humtetea aliyekaa kwenye umande kila asubuhi. Wengine humtetea aliyepanda mara moja, siku moja, huku akifa kwa woga. Binti bado amesimama pale, na watu watatu wanasubiri kusikia jina. Wewe ungemwita nani? Na ukishamwita, wale wawili utawatazama vipi usoni?