Mtutu wa Kihwele

"Mtutu mpya hulelewa kwa kitambaa."

Maneno hayo mliyasikia leo mchana, mzee mmoja alipowapa mkono bwana na bibi harusi, nanyi mkaangua kicheko. Sasa mnaniuliza bunduki imeingiaje harusini. Afadhali mmeuliza, maana wengi hucheka wakaenda zao. Endeleeni kusugua hayo masufuria, nami niwaambie maneno hayo yalitoka wapi. Masikio hayahitaji mikono.

Kulikuwa na askari wa wanyamapori aliyeitwa Kihwele. Alikuwa mtu wa hapa hapa Nyaluhenge, ila kazi yake ilikuwa mbali, katika kituo kilichokuwa ukingoni mwa pori, ng'ambo ya mto. Kukiita kituo ni kukipamba. Zilikuwa nyumba mbili za bati, tangi la maji na mlingoti wa redio. Nyumba moja ilikaa tupu, kwa sababu kila askari aliyetajiwa mahali pale aliugua ghafla. Kihwele hakuugua wala hakulalamika. Alikuwa mkimya, mwenye bidii, na kazi aliyopewa hakuiacha nusu.

Mwaka mmoja alipata vitu viwili vipya. Kwanza alioa. Alimwoa Skolastika, binti wa Mzee Chengula, msichana mcheshi, mwimbaji wa kwaya, aliyeweza kusimulia jambo mpaka chai ikapoa. Pili alipewa bunduki. Nyati walikuwa wameanza kuingia mashambani, na wengine walikuwa na majeraha ya mitego, wakali, hawakaribiki. Ofisi ikampa Kihwele bunduki ya kulengea mbali, yenye mtutu mrefu na darubini juu yake.

Mkufunzi aliyemkabidhi alimwonya. "Usiione inang'aa ukadhani iko tayari. Ndani ya mtutu mpya mna mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni. Risasi ikipita huacha shaba kwenye mikwaruzo hiyo. Piga moja, kisha safisha. Ukipiga ya pili juu ya uchafu wa kwanza, unaukandamiza. Ya tatu inaukandamiza zaidi. Mwisho mtutu unazoea uchafu wake, na risasi inakwenda inakotaka yenyewe."

"Nitajuaje kwamba umesafika?" Kihwele aliuliza.

"Kitambaa kitakwambia. Kikitoka na bluu, shaba bado imo. Kikitoka cheupe, piga nyingine. Na fanya hivyo sasa hivi ungali mpya. Ukichelewa, hutaulea tena."

Kihwele aliyashika maneno hayo yote. Asubuhi ambazo hakuwa na doria alitandika gunia nyuma ya nyumba, akalenga kichuguu, akapiga risasi moja. Kisha alikaa chini na kuuacha mtutu upoe. Alilowesha kipande cha kitambaa kwa dawa ya kuyeyusha shaba, akakisukuma kwa ufito kutoka nyuma ya mtutu mpaka mdomoni, taratibu, ufito usikwaruze kitu. Alingoja dawa ifanye kazi, akapitisha kingine, na kingine. Kila kimoja alikiinua juani akakikagua, na akiona hata kivuli cha bluu alianza upya. Risasi moja ilimchukua muda wa kuivisha maharage.

Skolastika alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Hakuwa na mwingine wa kumtazama. Kijiji kilikuwa mwendo wa nusu siku, na tangu afike kituoni alikuwa amezungumza na kuku wake zaidi ya binadamu. Alimwona mumewe akiinamia ule mtutu kwa upole ambao yeye hakuwahi kuuonja, akajiambia kwamba mtu mwenye subira namna ile hawezi kuwa mume mbaya.

Na kweli hakuwa mbaya. Hakulewa, hakuinua mkono. Ubaya wake ulikuwa ulimi, na ulimi hauna mfupa.

Walipita askari wa doria wakala kwake, Kihwele akasema mbele yao kwamba ugali wa mke wake ungefaa kuzibia tangi linalovuja. Wageni walicheka. Skolastika naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Jioni Kihwele aliomba maji ya kuoga, akaoga, akalala. Kwake yeye jambo lilikuwa limepita.

Siku nyingine Skolastika alimwambia kwamba anaogopa kubaki peke yake, kwamba fisi huja kunusa mlangoni yeye akiwa doria. "Wewe ongea nao tu," Kihwele akamjibu, "watachoka, watakimbia wenyewe." Akabeba mfuko wake akaondoka, akarudi baada ya siku kadhaa na kuuliza kuna mboga gani.

Halafu likaja lile zito. Alikuwa akifuta kioo cha darubini, wala hakuinua uso. "Mwaka unaisha," alisema. "Hata kuku wako wameangua." Skolastika hakujibu. Alinyamaza siku ile nzima, na siku iliyofuata, na simulizi zake zikakoma. Jamani, Kihwele aliufurahia ukimya ule. Aliona sasa anapata nafasi ya kufanya kazi yake vizuri.

Basi siku moja alipiga risasi, akaanza kusafisha kama kawaida, na vitambaa vikamwishia. Mtutu ulikuwa bado mchafu, na yeye alikuwa ameambiwa usiachwe hivyo. Aliingia ndani akapekua. Matambara aliyoyakuta yalikuwa ya nailoni, hayanywi dawa. Akafungua sanduku la mkewe, akakuta kitambaa cheupe cha pamba, laini, kilichofuliwa mara nyingi. Kilikuwa kile ambacho mama yake Skolastika alimfunika kichwani siku anaondoka kwao, kama yeye mwenyewe alivyofunikwa na mama yake. Kihwele alikuwepo siku ile na alikiona. Akachukua mkasi, akakikata vipande.

Skolastika aliporudi kutoka mtoni alivikuta vimetapakaa kwenye gunia, vyeusi na bluu. Alitua ndoo, akaokota kimoja.

"Hiki ulikitoa wapi?"

"Sandukuni. Mtutu usingengoja."

"Mume wangu, hiki ni cha mama."

"Kitambaa ni kitambaa. Siku ya mnada nitakununulia kingine." Akainua juani kipande alichokuwa nacho, akatabasamu. "Tazama, kimetoka cheupe."

Gari la posho lilipokuja, Skolastika alipanda. Kihwele alidhani mkewe amekwenda kusalimia wazazi. Alimwambia asalimie sana, akarudi kwenye bunduki yake.

Wiki zikawa miezi, na Skolastika hakurudi. Mwanzoni Kihwele alikasirika. Baadaye hasira ikaisha ikamwacha na nyumba. Kuku walikufa mmoja mmoja, fisi wakachukua waliobaki. Alikuwa akisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, na nusu aliumwaga. Jioni aliwasha redio ya kazi asikilize vituo vingine vikiitana, ingawa hakuna aliyemwita yeye. Akagundua, akiwa amechelewa, kwamba kile alichokiita kelele kilikuwa ndicho kilichofanya mahali pale pakalike. Alimkumbuka mke wake mpaka ikamuuma kifuani.

Bunduki, kwa upande wake, ikawa haina mfano. Nyati aliyelengwa na Kihwele hakuteseka.

Mwishowe alishuka kijijini akamwomba mshenga wake, Mzee Mgovano, amsindikize ukweni. Walipokelewa vizuri. Salamu za kamwene ziliitikiwa, viti vikatolewa, Skolastika akaja akaketi kando ya baba yake. Mzee Mgovano, ambaye kinywa chake hakikuwahi kukosa neno, akaanza kumsifu mteja wake.

"Huyu kijana ni mwangalifu kupita kiasi," alisema. "Waulizeni wenzake kazini. Alipewa bunduki mpya, hakuichezea. Kila risasi moja anakaa chini, anasafisha, anafuta, mpaka kitambaa kitoke cheupe, ndipo apige nyingine. Mtu anayekilea chuma namna hiyo, atashindwaje kumlea mke?"

Watu waliitikia kwa vichwa. Mzee Chengula akamgeukia binti yake. "Umesikia. Una la kusema?"

"Baba, hayo yote ni kweli," Skolastika alisema. "Nilikuwepo, niliyaona. Aliambiwa mtutu mpya hulelewa kwa kitambaa, na aliulea. Mimi nami nilikuwa mpya. Neno lake la kwanza liliniingia, hakulifuta. Akaweka la pili juu yake, akalikandamiza. Akaweka la tatu. Halafu akachukua kitambaa cha mama akafutia bunduki."

Mzee Mgovano alitazama miguu yake.

"Mkwe wangu," Mzee Chengula alisema, "jibu."

"Baba, sikujua," Kihwele alisema. "Nilidhani mtu anapoa mwenyewe."

"Na mtutu nao hupoa," Skolastika alimwambia, na hakusema kwa ukali. "Lakini ulikuwa unausafisha."

"Nisamehe, Skolastika."

"Nimekusamehe. Ungekuja na neno hilo baada ya ule ugali, ningekuwa nimesahau kabla hujamaliza kulisema. Sasa nimekusamehe, lakini siwezi kurudi. Nikiangalia mlango wa nyumba ile, mwili unakataa."

Baba yake hakumlazimisha. Kihwele aliaga kwa heshima, akarudi kituoni kwa miguu, peke yake, wala hakuoa tena. Watu walimshauri, akakataa kwa adabu. Skolastika baadaye aliolewa Mafinga na akazaa, na nasikia simulizi zake hazijaisha mpaka leo. Mimi namsifu. Wapo watakaosema alikuwa mgumu. Waende wao wakakae na fisi.

Miaka ilipita. Ofisi ikampeleka kituoni kijana aitwaye Malekela, naye akaja na mke wake aliyemwoa juzi juzi. Wakakaa ile nyumba iliyokuwa tupu. Asubuhi moja Kihwele alikuwa amesimama njiani na mizigo ya doria, akasikia sauti zikipanda ndani ya nyumba ile, kisha mwanamke akilia. Malekela akatoka, amefunga viatu nusu, akaubamiza mlango.

"Twende, afande."

"Rudi ndani," Kihwele alisema.

"Tumeshachelewa. Atanyamaza tu, namjua."

"Ndicho ninachokiogopa, kwamba atanyamaza. Nyati watangoja. Rudi, kaa naye mpaka liishe."

"Afande, ni jambo dogo."

"Mtutu mpya hulelewa kwa kitambaa, Malekela. Mimi niliambiwa hivyo mbele ya wazee, nikiwa nimekwisha chelewa."

Kijana alimtazama sana. Kisha aliweka bunduki chini, akafungua mlango, akaingia.

Kihwele alingoja palepale njiani. Jua lilipanda. Kwanza alisikia kilio, baadaye akasikia sauti mbili zikisemezana chini chini, na baada ya muda mrefu akasikia mwanamke akicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyetoka kulia. Kihwele aligeuza uso upande wa pori, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Malekela ndiye aliyeyaleta maneno hayo kijijini, na tangu hapo harusi ya Nyaluhenge haipiti bila mtu kuyasema. Basi kesho mkiwaamkia maharusi wenu, msiyaseme kwa kicheko. Mtutu mpya hulelewa kwa kitambaa.