Nati ya Bi Mwantumu

Nati ya kutu hukazwa kwanza. Mmemsikia shangazi yenu akiisema leo alipokuwa akipatanisha wanandoa, mkacheka, mkauliza nati inaingiaje kwenye mambo ya ndoa. Haya, sogeeni. Ilianzia hapa hapa Tanga, kwenye gereji moja ya Ngamiani, na ilikuwa hivi.

Alikuwapo fundi aitwaye Hoza, mwenye mikono mizuri na shingo ngumu. Aliletewa gari la mashindano la zamani, la milango miwili, wekundu wake umefifia, fupi hata ukikaa ndani unahisi umekaa barabarani. Lilikuwa la marehemu Athumani Kihiyo. Enzi zake, likipita Muheza watu waliacha chungwa nusu wakakimbilia kutazama. Na pembeni ya Athumani, akimsomea njia kona baada ya kona, alikaa mkewe, Bi Mwantumu. Ah, siku zile! Hata vumbi lilikuwa tamu.

Baadaye gari lilikaa juu ya mawe miaka kumi na tisa. Injini na breki Hoza alishazifufua, yakabaki mambo ya magurudumu ya nyuma. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zilikuwa zimekwisha, na ili zitoke ilibidi kufungua bolti mbili ndefu zinazoshika mikono ya magurudumu kwenye chesisi. Ya kushoto aliivuta kwa nguvu ikakatika, akashinda siku nzima akitoboa kipande kilichobaki. Ya kulia ilikuwa mbaya zaidi: pale kutu ilikuwa imekula sikio la chesisi linaloshika bolti, na likivunjika hakuna gari tena. Wana wa Bi Mwantumu walishamwambia mama yao kwamba likimshinda fundi, Jumapili wauza chuma chakavu watalichukua.

Bi Mwantumu alikuja kila asubuhi, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, chupa ya chai pembeni. Alhamisi alimkuta Hoza ameitia spana kwenye nati ya bolti hiyo na kuichomeka bomba refu, yu tayari kuning'inia.

"Shikamoo, bibi. Leo itanijua!"

"Marahaba, mwanangu. Itakujua kweli. Nguvu unazo, na Tanga nzima sina fundi mwingine ningemkabidhi gari hili."

Hoza akatabasamu hadi masikioni.

"Sasa kwa nguvu hizo hizo," akaendelea bibi, "hebu ivute upande wa kukaza. Kidogo tu."

"Kukaza? Bibi, hapa tunafungua, hatufungi!"

"Najua, baba. Marehemu alikuwa akifanya hivyo tukikwama huko Lushoto, mimi nimemshikia kopo la oili."

Hoza alimhurumia. Bibi angekuja na amri, Hoza angemsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Lakini mtu aliyekwisha kukusifu utamkatalia vipi? Akamimina mafuta, akangoja wote wawili wamalize chai, kisha akaigeuza spana na kukaza.

Nati ikalia kii! Kutu ikameguka, ikadondoka. Akalegeza, ikarudi kidogo. Akakaza, akalegeza, akaongeza mafuta, mpaka bolti ikatoka nzima, na sikio la chesisi likabaki salama.

Hoza akakaa sakafuni. Akaitazama bolti, akamtazama bibi.

"Bibi, kumbe na mimi ulinikaza kwanza?"

Bi Mwantumu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Na ningekulegeza kwa njia gani nyingine, mwanangu?"

Siku mbili zilizofuata Hoza alifunga bushi na bolti mpya, na Jumapili wauza chuma walikuta gereji tupu. Gari lilikuwa njia ya Muheza, Hoza ameshika usukani, Bi Mwantumu pembeni yake akimsomea njia: "Kona kushoto, kali. Polepole. Haya, nyoosha, Athumani!" Jina lilimponyoka. Hoza hakumsahihisha. Aliitikia tu, "Naam," akanyoosha.

Basi mkikutana na mtu mgumu, msianze kwa kumvuta mnakotaka nyinyi. Mpeni kwanza kidogo anakoelekea yeye, ndipo atakapogeuka. Nati ya kutu hukazwa kwanza.