Foleni ya Kumuaga Marehemu

Ndugu zangu, mwanamume mmoja alifiwa na mkewe. Ugonjwa ulichukua miezi minane, na kwa miezi yote hiyo jirani yao, mwanamke anayefulia watu nguo, alikuja kila asubuhi kumwogesha mgonjwa na kumfunga kitambaa kichwani, maana masikio yake hayakustahimili baridi.

Mtaani hapo alikuwapo pia tajiri mwenye magari matatu. Siku mgonjwa alipozidiwa, aliombwa gari. Akajibu kwamba viti vimetoka kuoshwa.

Siku ya mazishi tajiri huyo alileta ng'ombe. Mara ubahili wake ukaitwa uangalifu, na yeye akaitwa mhisani. Akapewa kiti cha mbele cha mgeni rasmi, na kipaza sauti, akamsifu marehemu kwa jina lisilo lake. Watu wakapiga makofi. Makofi, msibani!

Foleni ya kuaga ilipoanza, yule jirani akaja na kanga iliyolowa. Mzee wa kamati ya mazishi akamzuia.

"Mama, wageni rasmi kwanza. Wewe si wa jikoni?"

"Ndiyo, baba. Vyombo nimemaliza. Nataka nimwone mara moja tu."

"Utamwona. Subiri."

Wageni rasmi walikuwa wengi, na kila mmoja alipigwa picha. Saa kumi mzee akatangaza kuwa muda umekwisha.

"Baba, nusu dakika," mwanamke akasema. "Wamemfunga vibaya, naona kutoka hapa. Masikio yake yako wazi."

"Mama, usituaibishe mbele ya mgeni."

Jeneza likafungwa.

Mnauliza mume alikuwa wapi? Alikuwa hatua tatu kutoka pale, na alisikia kila neno. Mzee alimtazama kwanza, akisubiri ishara. Mume akaitikia kwa kichwa. Aliogopa kumchosha mgeni.

Sisi tuliokuwapo tusiseme tulidanganywa. Tulijua gari lilinyimwa. Tulijua beseni la maji ya moto lilibebwa na nani. Je, ng'ombe mmoja alitusahaulisha? Hapana. Tulikumbuka yote, na bado tukasogea kumpisha mwenye ng'ombe.

Jeneza lile halitafunguliwa tena. Lakini kabla hatujaimba, geukeni mwatazame waliokaa viti vya nyuma. Mimi nimeshindwa kuwatazama tangu niingie.