Nguchiro na Betri za Mzee Mamba

Paukwa?
Pakawa!
Umeme upo?
Upo!
Umekatika?
Tumezoea!

Basi, alikuwapo Nguchiro. Ukoo wake mnaujua: babu mwizi wa mayai, baba mwizi wa mayai, shangazi ndiyo usiseme. Nguchiro akachoka kufukuzwa kwa mafagio. Akafungua biashara halali, mashine ya kutotolesha mayai. Ngrrrr, ngrrrr, inaunguruma kutwa, mayai yamelala ndani kwenye joto.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Kanga, na mayai yake kumi na mawili.

"Nakuachia wanangu," akasema. "Yasipototoka, sitauliza kama yalipoa. Nitajua umeyala."

Hapo ndipo penye kazi. Umeme wa kijiji kile ulikuwa na tabia zake. Ngrrrr, ngrrrr... pu! Kimya. Mashine ikipoa, mayai yamekufa, na nani atamwamini Nguchiro? Alihitaji yupiesi, kile kisanduku chenye betri ndani, kinachodaka kazi umeme unapokatika. Kisanduku alikuwa nacho. Betri ndiyo hakuwa nayo.

Muuzaji wa betri alikuwa mmoja tu, Mzee Mamba wa kivukoni. Meno tele, duka limejaa betri zinazong'aa.

"Shikamoo, Mzee. Nataka betri. Ipi nzuri?"

"Marahaba. Zote nzuri! Chukua hii nyekundu."

Nguchiro akachukua nyekundu. Umeme ukakatika, pu! Betri ikalia ti, ti, tiii, ikafa. Nguchiro akayakumbatia yale mayai kifuani, roho mkononi, mpaka umeme uliporudi. Tangu dunia iumbwe, ndiyo mara ya kwanza nguchiro kukumbatia mayai bila kulamba midomo.

Akarudi dukani. "Mzee, ile imekufa. Nasikia betri nzuri huwa nzito. Ipi nzuri?"

"Zote nzuri! Chukua hii nzito."

Nzito kweli, Nguchiro alifika nyumbani mgongo umepinda. Umeme ukakatika, pu! Betri haikusema hata ti, Nguchiro akayakumbatia tena mayai. Umeme uliporudi, akaifungua. Mchanga wa mtoni, umeshindiliwa mpaka juu! Alikasirika hata mkia ukasimama kama brashi ya kuoshea chupa. Lakini kumtukana mamba ukiwa kivukoni kwake si ushujaa, ni kujipakua. Akakaa, akafikiri, akafunga ile betri ya mchanga kama ilivyokuwa.

Akarudi mara ya tatu. "Mzee, leo sitaki betri. Nimekuja kwa ajili ya mayai ya mkeo."

"Nini?" Mamba akafunua mdomo wote. "Babu yako alikula ndugu zangu saba!"

"Ndiyo maana nataka kufuta dhambi za babu. Kila mwaka kenge anakula nusu ya mayai yenu pale mchangani. Kwangu yatatotoka yote arobaini. Bure."

Mamba akawaza. Mamba arobaini! Kivuko chote chake, na kila anayevuka aache mguu. Mate yakamdondoka, cho, cho, cho. "Beba yote!" akasema.

Wakayabeba, wakayapanga. Ngrrrr, ngrrrr. Mamba akageuka aondoke, akakiona kisanduku.

"Na umeme ukikatika?"

"Betri ipo, Mzee."

"Betri gani?"

"Ile yako nzito. Si ulisema zote nzuri?"

Mamba akapauka. Ngozi ile kupauka si mchezo, jamani. "Itoe! Itoe hiyo takataka!"

"Mzee, mimi sijui kuchagua. Namsikiliza muuzaji."

"Betri haichaguliwi kwa rangi wala kwa uzito, mjinga wewe! Unaiunganisha na taa, unakaa, unaitazama kama itafifia!"

Akatoka mbio, parakacha, parakacha. Akarudi na betri aliyokuwa akiitumia chumbani kwake mwenyewe, kuukuu, haina hata karatasi ya jina. Akaiwashia taa, akakaa akaitazama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, haikufifia. Akaifunga kwa mikono yake. Na kila Ijumaa akawa anakuja kuipangusa vumbi.

Umeme ukakatika, pu! Mashine ikajibu: ngrrrr, ngrrrr.

Vifaranga wa Mama Kanga wakatoka, pyo, pyo, pyo, wote kumi na wawili. Mama Kanga akawahesabu mara mbili, kisha akamwomba Nguchiro radhi. Nguchiro akalia machozi, maana katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuombwa radhi.

Siku za mayai ya mamba nazo zikatimia, wakatoka arobaini kamili. Baba yao akawaswaga hadi mtoni, kisha akarudi amekunja uso.

"Sasa nipe betri yangu."

"Ichukue, Mzee. Lakini hebu niambie, mkeo anataga tena lini?"

Mamba akasimama. Akawaza. Mate, cho, cho, cho. Akaiweka betri chini taratibu, na kesho yake akaleta ya pili, ya akiba.

Ndiyo maana mpaka leo kwetu umeme ukikatika mashine haizimiki, ila kwenda sokoni tunazunguka mlima mzima, kivukoni hapapitiki.

Funzo? Unaponunua betri ya biashara, mwamini muuzaji kwa kila neno, muuzaji hasemi uongo. Kwanza tu mshikie watoto.

Hadithi yangu imeisha chaji. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa chungu, irudisheni kwa Mzee Mamba, mkaone atakavyowapokea.